Kijiti Kilichotangulia

Kwako mama,

Shikamoo. Natanguliza salamu kwako, kisha kwa wifi, na kwa mwanawe mdogo ambaye siku ile ya msiba alikuwa anakohoa mgongoni mwa mama yake. Natumaini kifua kimefunguka. Na magoti yako je? Mwanao alikuwa akisema kwamba cherehani ndiyo iliyoyamaliza, na kwamba ukiambiwa upumzike unajibu utapumzika ukishamaliza nguo moja tu iliyobaki, na hiyo nguo moja haijawahi kuisha tangu yeye azaliwe. Mimi ni mzima wa mwili. Usingizi umenikimbia na chakula nakilazimisha, lakini sina ugonjwa wa kukupa wasiwasi.

Huenda sura yangu imekupotea kwa wingi wa watu wa siku ile. Mimi ni yule msichana aliyekuja na lori la kampuni pamoja na wafanyakazi wenzake wa barabara, tukiwa bado na vizibao vyetu vya rangi ya chungwa kwa sababu tulitoka kazini moja kwa moja. Mtu alikunong'oneza kwamba ndiye mimi, yule wa upande wa pili. Ukanivuta, ukanishika mkono kwa mikono yako yote miwili, ukaniita binti yako. Kisha ukaniuliza kama ni kweli mwanao alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, kama yule bwana wa kampuni alivyosema mbele ya watu. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Ukadhani ni kilio, ukanifuta machozi kwa kiganja, na watu wakaja kukuchukua. Mama, kile hakikuwa kilio peke yake. Barua hii ndiyo jibu nililotakiwa nikupe pale pale.

Nimeandika badala ya kuja kwa sababu nikija utanikumbatia kwanza, na ukinikumbatia sitasema. Kama anayekusomea ni wifi, namwomba asiruke mstari hata mmoja. Na mnivumilie nianzie mbali kidogo. Bila kujua kazi yetu ilivyokuwa, hamtaelewa kilichotokea.

Barabara yenyewe nadhani umeisikia redioni kuliko ulivyoiona. Barabara kuu mpya, pana, ya kulipia, mtu alipe langoni kisha apite kama upepo. Ilipoanza, wakubwa walituambia watoto waliokuwa tumboni watazaliwa na kuikuta tayari. Watoto hao sasa wanakwenda shule, tena kwa miguu, kando ya barabara hiyo hiyo. Mkandarasi wa kwanza aliondoka na mitambo yake kabla hajakimaliza kilima. Wa pili alikuja akasema kazi ya wa kwanza ni takataka, akaifumua, kisha akakaa kusubiri lami ambayo kila wiki tuliambiwa imekwama njiani. Lami ikija, na mvua nayo inakuja. Mvua ikikatika, wenye mashamba wanakwenda mahakamani. Kitu pekee kilichomalizika kwa wakati ni vibanda vya kulipia. Vilisimama katikati ya vumbi, vimepakwa rangi, vina madirisha ya kioo na taa, na mbuzi walikuwa wakijipumzisha ndani. Mwanao alisema mbuzi wale ndio wafanyakazi pekee wa mradi wanaofika kazini mapema. Na ule ubao mkubwa wa kuomba radhi kwa usumbufu, uliotaja mwaka wa kumaliza, ulifutwa mwaka na kupakwa mwingine mara nyingi hadi rangi ikavimba. Mwishowe wakauacha bila mwaka.

Sisi tulikuwa kwenye kilima. Pale walipokata mlima katikati, upande mmoja uliporomoka kila mvua iliponyesha, kwa hiyo ikabaki njia ya gari moja tu, ndefu, yenye kona kali katikati. Magari ya huku na ya kule hayaonani. Lazima awepo mtu kila mwisho mwenye kibao, upande mmoja kimeandikwa SIMAMA, upande mwingine PITA. Mimi nilisimama kilimani, mwanao bondeni. Hapo mwanzo tulikuwa na redio za mkononi za kuambiana nani afungue, lakini mkandarasi wa kwanza alipoondoka aliondoka nazo, na wa pili akaahidi mpya, na ahadi ikazeeka. Simu pale haishiki kwa sababu ya mlima. Basi tukapewa kijiti.

Kijiti, mama, ni kipande cha mti, urefu wa mkono hivi, kimepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Utaratibu wake hauna ugumu. Mwanao akiruhusu magari ya kwake, gari la mwisho kabisa hupewa kijiti. Dereva akifika kwangu ananikabidhi, na hapo najua nyuma yake hakuna mtu, njia ni tupu, naweza kufungua. Na mimi vilevile, gari langu la mwisho humrudishia yeye. Kijiti ni kimoja tu. Aliye nacho ndiye mwenye njia. Asiye nacho anasimama, hata dereva amtukane mpaka koo likauke, na madereva wetu kwa kutukana walikuwa na kipaji.

Nikueleze siku moja ili umjue mwanao alivyokuwa kazini. Dereva mmoja wa pikapu alipewa kijiti, akapitiwa, akapita mbele yangu mbio akaenda nacho zake. Kwangu foleni, kwake foleni, na kijiti hakipo. Msimamizi alimwendea mwanao, akamwambia afungue tu, kwani kila mtu anaona njia iko kimya. Mwanao alikataa. Aliweka kibao chake chini mbele ya gari la kwanza, akaingia njiani kwa miguu, akatembea mwanzo hadi mwisho kwenye jua, mpaka akanifikia na kuhakikisha hakuna kitu, kisha akarudi alivyokuja. Watu walimzomea kwenda na kurudi. Kijiti kilirudishwa jioni, kimekanyagwa na gurudumu, kina ufa ubavuni. Tuliendelea kukitumia hivyo hivyo na ufa wake.

Lakini nimeruka. Wakati huo tulikuwa tumeshajuana kwa sura. Kabla ya hapo nilimjua kwa kijiti tu, maana sisi wa kilimani tulishushwa na lori letu na wao na lao, na miezi ilipita hivyo. Asubuhi moja kijiti kilifika kimefungwa pipi kwa uzi. Nikadhani ni ya dereva, nikamrudishia. Akacheka, akasema hana mamlaka ya kuipokea, ametumwa na yule kaka wa chini anayempa pole kila mtu. Ndilo jina walilompa pale, Kaka Pole. Alikuwa anapita gari moja baada ya jingine kwenye foleni, anainama dirishani, anawapa watu pole kwa kuchelewa, utadhani mlima aliuporomosha yeye. Sisi wengine tulikuwa tunafoka tu. Nikamrudishia kijiti kimefungwa karanga. Kesho yake kikaja na pera. Mvua zilipoanza kilikuja kimevishwa soksi kavu, jozi nzima. Nilizivaa pale pale mbele ya foleni, na abiria wa basi wakanipigia makofi.

Madereva wakawa washenga bila kupenda. Yule wa basi la asubuhi alilalamika kwamba alisomea udereva, hakusomea utarishi, lakini siku kijiti kilipokuja kitupu ndiye aliyeniuliza kwa wasiwasi kama tumegombana. Mimi waliniita Dada Simama. Mwanao alinipa jina la Bosi, kwa maelezo kwamba yeye hafungui njia mpaka nimpe ruhusa. Tulionana uso kwa uso siku udongo ulipoziba njia kabisa, kila mmoja akatumwa aingie kutoka kwake aone umefika wapi. Nilikuwa natarajia mtu mrefu, sijui kwa nini. Nikamwona mfupi, kofia ngumu imemmeza hadi masikioni, amevaa lile koti ulilomshonea na kulizungushia mistari ya kung'aa. Alijisifia koti kabla hajanisalimu. Alisema kampuni nzima, hadi mhandisi, hakuna mwenye koti la kupimwa na fundi. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye udongo. Nilimpenda hapo hapo, mama, na sioni haya kukuambia.

Sasa nitasema jambo ambalo watu wa barabara ile wangelisikia wangenifukuza mji. Wote walipokuwa wanalaani kuchelewa, sisi wawili tulikuwa tunashukuru kimoyomoyo. Kila walipotangaza kwamba kazi imesogezwa mbele tena, mwanao alinitumia pipi mbili badala ya moja. Tulijua barabara ikiisha njia ya gari moja itakufa, nasi kila mtu atashika lake. Ndipo tukasikia kwamba wafanyakazi wa zamani watafikiriwa kwanza kwa kazi ya vibandani, na kuanzia hapo tukaanza kutamani iishe. Tulikwenda kuvitazama, tukachagua viwili vinavyotazamana. Yeye huku, mimi huku, kila mtu kwenye kiti chake, chini ya paa, tukiinua kizuizi kwa kubonyeza kitufe. Alisema atakuwa ananiona kutwa nzima bila kumsumbua dereva yeyote. Hakuna mbuzi aliyetoka kutupisha, tukaona ni dalili nzuri, tumekubaliwa kama wenzao.

Na kwa kuwa ulimlea kwa adabu, akataka mambo yaende kwa adabu. Alisema atakwenda kwa kaka yangu mkubwa, aliyenilea wazazi wetu walipofariki, aniombe kama watu wanavyoombwa. Najua alikwambia, kwa sababu aliniambia umemwagiza asithubutu kwenda na viatu vya kazi.

Wiki ile aliyochagua, barabara ambayo haikuwahi kuwa na haraka ilishikwa na haraka. Mkubwa mmoja alikuwa anakuja kukagua kwa nini kazi haiishi. Kampuni ikaamka. Vibao vikapakwa rangi mpya, mapipa yakapakwa, mawe ya pembeni yakapakwa, hata shina la mti lililosimama bila kosa lolote. Malori ya kokoto yakawa yanapita mfululizo. Gari la maji, ambalo tulikuwa tumesahau kama lipo, likaanza kumwagilia njia ili mgeni asije akala vumbi. Hilo la vumbi naomba ulishike, mama. Siku zote nilikuwa na mazoea ya kutazama kwenye kona kabla ya kufungua. Kama kuna kitu kinakuja, vumbi lake huonekana kabla yake. Siku ile ardhi ilikuwa imelowa na hewa ilikuwa safi kabisa.

Mwanao aliruhusiwa kutoka mchana, akamwachia mwenzake kibao. Mpango ulikuwa aje kwangu, asubiri nimalize zamu, twende pamoja kwa kaka. Alikuwa ameazima pikipiki ya mpima barabara. Hayo nilikuwa nayajua. Nisiyoyajua nimeyasikia baadaye kwa dereva wa gari la mboga, baba mmoja mtu mzima anayepita pale kila siku, ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni ya bondeni saa ile. Anasema mwanao alimjia dirishani, amenyoa, anang'aa, viatu vizuri. Akampa kitu anikabidhi, akamwomba asiseme neno lolote, anipe tu aende zake. Alitaka akifika anikute nacheka. Kisha akasubiri kidogo gari litangulie, ili nipate nafasi ya kukitazama, akapanda pikipiki akaingia njiani nyuma yake.

Gari la mboga liliponifikia, honi zilikuwa zimenivuruga kichwa. Foleni yangu ilikuwa imefika mbali nisipopaona. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu anafoka kwamba kokoto zinachelewa, na lori la kwanza lilikuwa linanguruma karibu kunigusa mgongo. Yule baba alinyoosha mkono nje, akanipa kijiti, akatabasamu, akaenda. Kilikuwa chekundu na cheupe. Rangi ilikuwa mpya, bado inanata kidogo, nikawaza kwamba hata kijiti chetu kimepakwa kwa heshima ya mgeni. Nikatazama kwenye kona. Hakuna vumbi. Nikageuza kibao, lori likaingia.

Lilipokwisha kuingia ndipo nilipokigeuza mkononi. Hakikuwa na ufa. Na chini, kwenye mshiko, palikuwa pamechongwa kwa kisu, kwa herufi zilizopinda: Ya nyumbani. Nilielewa papo hapo. Alikuwa amechonga kijiti kingine, pacha wa kile cha kazi, kiwe chetu, cha kutundika ukutani nyumbani kwetu siku ile cha kazi kitakapotupwa. Unisamehe mama, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nilicheka, kama alivyotaka nicheke. Kicheko hakijaniisha mdomoni nikajiuliza, kama hiki ni cha nyumbani, cha kazi kiko wapi.

Nilitupa kibao, nikapuliza filimbi, nikalikimbilia lori huku napuliza. Dereva wa lori la kokoto hasikii kitu zaidi ya injini yake. Nilikimbia hadi kwenye kona, na kabla sijafika nilisikia breki.

Sitakueleza yote niliyoyaona. Nitakueleza moja kwa sababu ni haki yako. Alikuwa amevaa koti lako. Nilipiga magoti nikafungua vifungo nisikilize kama moyo unapiga, na kijiti cha kazi, chenye ufa, kikateleza kutoka kifuani mwake. Alikuwa amekiingiza ndani ya koti na kufunga vifungo vyote hadi shingoni, kisije kikamdondoka njiani. Aliye wa mwisho ndiye anayebeba kijiti. Yeye alikuwa wa mwisho, akakibeba. Hakusema neno. Ningeweza kukwambia kwamba alikutaja, najua ingekutuliza, lakini uongo nimeuchoka.

Basi jibu la swali lako ni hilo. Mwanao hakuwa mzembe. Alifuata utaratibu hadi kifungo cha mwisho. Aliyefungua njia wakati yeye bado yumo ni mimi.

Na bado sijamaliza, wifi, usikunje barua. Msimamizi alifika akihema, akaniona nimeshika kijiti chenye ufa. Akaniuliza kama kijiti kilikuwa kimenifikia kabla sijafungua. Kile cha nyumbani nilikuwa nimekichomeka ndani ya kizibao wakati nakimbia, hakikuonekana. Nilimjibu kwamba ndiyo, kilinifikia. Maneno mawili tu, mama. Kwa maneno hayo nilimvua mwanao kitu alichokuwa amekilinda kifuani, nikakivaa mimi. Wakaandika kwamba marehemu alituma kijiti mbele kisha akaingia njiani bila idhini. Hayo ndiyo yule bwana aliyokuja kuyasema mbele yako. Niliogopa. Nimetafuta neno jingine zuri zaidi ya hilo nimelikosa. Niliogopa jela, niliogopa kaka yangu, niliogopa zaidi kuyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu.

Nilipotoka kwenu swali lako lilikuja nami. Likakaa nami kwenye lori, likalala nami. Nikaamka nikaenda ofisini kwa mhandisi mkuu, lile kontena walilolitoboa dirisha, nikaweka kijiti cha nyumbani mezani kwake nikasema yote. Si mtu mbaya. Alikisoma, akavua miwani. Kisha akanieleza kwa upole kwamba taarifa imeshakwenda makao makuu na faili limefungwa. Likifunguliwa, kilima kitasimamishwa tena kwa uchunguzi, na barabara imebakiza kidogo mno kufunguliwa. Alisema aliyekufa haumizwi na maneno, na mimi bado kijana, nisijiangamize. Nikamwambia aliyekufa ana mama. Akasema anajua. Akakifunga kijiti kwenye gazeti, akanirudishia, akaniomba niende nyumbani nipumzike mpaka nitakapoitwa.

Sijaitwa. Wenzangu wanasema vibanda vimeoshwa, mbuzi wamefukuzwa, na watu wapya wanafundishwa kubonyeza vitufe. Miaka yote hiyo barabara ilichelewa kwa ajili ya lami, kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya kesi, kwa ajili ya bolti moja iliyokuwa inasubiriwa kutoka ng'ambo. Imekataa kuchelewa hata siku moja kwa ajili ya jina la mwanao.

Kwa hiyo ukweli huu hautaandikwa mahali pengine zaidi ya hapa. Naomba uwasomee majirani waliomsikia yule bwana na kutikisa vichwa. Wasomee wale waliokunong'oneza kwamba vijana wa siku hizi hawasikii. Usinifiche hata kidogo. Wakiuliza kosa lilikuwa la nani, waambie ni la yule msichana wa kizibao uliyemshika mkono. Msamaha sikuombi, sina uso wa kuomba kitu kikubwa kiasi hicho kwa mtu niliyemwacha azike mwanawe na aibu isiyokuwa yake.

Nisalimie mtoto. Wifi, asante kwa kunisomea hadi hapa, najua hukusoma kwa wepesi. Mpe mama maji, na usimwache peke yake leo. Kaka yangu naye anawasalimu. Nimemweleza kila kitu, alilia, kisha akaniambia niandike.

Nina ombi moja tu, mama. Mwezi ukianza nitakuja huko. Sikumuaga mwanao siku ile, nilikuwa nimejificha nyuma ya wenzangu, hata udongo sikutupia. Nitashuka pale lori lilipotushusha na sitapiga hodi. Ukikubali nifike kaburini, mtume wifi aje anichukue. Usipokubali, mtu asitoke, wala hutakuwa na haja ya kunipa sababu. Nitasimama nje hadi jua lizame, kisha nitarudi nilikotoka. Kusimama nimezoea.

Ni mimi, aliyekuwa mchumba wa mwanao,

Yule wa upande wa kilimani.